Duara moja, nukta 12: humu tufanye pembe, kuhesabu na uwezekano kwa pamoja

Chaki Nyeupe

Wakuu salaam. Nimekaa muda mrefu nikiwasaidia vijana wa sekondari hisabati na kuna jambo linaniuma kweli: topiki ya duara, topiki ya kuhesabu na topiki ya uwezekano zinafundishwa kama majirani wasiosalimiana. Kijana anamaliza duara, anafunga daftari, baada ya miezi kadhaa anakutana na kuhesabu, anakariri fomula, halafu uwezekano unakuja na hapo ndo anaanza kuchanganya kwa sababu hajui lini azidishe, lini agawanye, na anagawanya kwa nini. Mi naona mchoro mmoja tu unatosha kubeba zote tatu.

Chukua karatasi na kompasi. Chora duara, weka nukta 12 ukingoni kwa umbali sawa, kama namba za saa ya ukutani, uziandike 1 hadi 12. Kalkuleta weka pembeni, humu haina kazi.

Tuanze na pembe. Kutoka nukta moja hadi jirani yake ni hatua moja, na hatua moja pale kitovuni ni nyuzi 30, maana 360 gawa kwa 12. Sasa ile kanuni mnayoijua, kwamba pembe ya ukingoni ni nusu ya pembe ya kitovuni kama zote zinatazama tao lilelile (kipande kilekile cha ukingo), inatuambia kila hatua moja ukiitazama kutoka ukingoni ni nyuzi 15. Basi. Huna haja ya kipimapembe tena. Unganisha 12, 3 na 7. Kutoka 12 hadi 3 ni hatua 3, kutoka 3 hadi 7 ni hatua 4, kutoka 7 kurudi 12 ni hatua 5. Pembe iliyopo kwenye 7 inatazama zile hatua 3 kwa hiyo ni nyuzi 45, ya kwenye 12 inatazama hatua 4 ni nyuzi 60, ya kwenye 3 inatazama hatua 5 ni nyuzi 75. Jumlisha uone kama si 180.

Swali la kwanza kwa wote: ukichagua nukta 3 bila kuangalia, kuna uwezekano gani pembetatu yake iwe na pembe ya nyuzi 90? Leteni jibu na njia, jibu peke yake halinisaidii kujua ulipokwama.

mdogo_wenu

Shikamoo mwalimu. Mimi nimefanya hivi, nyuzi 90 ni hatua 6 kwa sababu 6 mara 15, kwa hiyo lazima upande mmoja uwe kipenyo. Kila nukta ina mwenzake wa ng'ambo, nukta ziko 12, halafu nukta ya tatu nachagua katika 10 zilizobaki, kwa hiyo 12×10 = 120. Zote kwa jumla ni 12×11×10 gawa kwa 6, yaani 220. Jibu langu 120/220 = 6/11. Lakini rafiki yangu amepata 3/11 na sijui nani kakosea.

Chaki Nyeupe

Marahaba mdogo wangu. Rafiki yako yuko sahihi ila wewe umeandika vizuri mpaka kosa lako linaonekana kwa macho, na hilo ni jambo kubwa. Umesema kila nukta ina mwenzake wa ng'ambo, sawa kabisa. Sasa anza kuviandika hivyo vipenyo: 12 na 6, 1 na 7, 2 na 8, 3 na 9, 4 na 10, 5 na 11, halafu unafika 6 na... 12. Hicho tulishakiandika. Vipenyo ni 6, si 12, umekihesabu kila kimoja mara mbili, mara moja kwa kila ncha. Kwa hiyo 6×10 = 60, na 60/220 ni 3/11.

Ila usiishie hapo. Jiulize tena, je hizo 60 nazo zina marudio? Pembetatu moja inaweza kuzaliwa na vipenyo viwili tofauti? Haiwezi, kwa sababu pembetatu haiwezi kuwa na pembe mbili za nyuzi 90. Kwa hiyo ukinionyesha pembetatu yoyote ya aina hii mimi nakuambia imetokana na kipenyo kipi na nukta ipi, njia moja tu hakuna nyingine. Hilo ndilo swali ninalotaka mjiulize kila mara kabla ya kukimbilia fomula: kitu ninachokihesabu kimezaliwa kwa njia ngapi katika hesabu yangu?

binti_kompasi

Samahani mwalimu naomba kuuliza kitu cha nyuma kidogo, hiyo nusu inatoka wapi? Tuliambiwa tu tukariri, na mimi kitu nisichojua kinatoka wapi hua kinanipotea kwenye mtihani.

Nusukipenyo

Dada hapo umeuliza swali zuri, ngoja nijaribu mwalimu atanisahihisha. Weka nukta P ukingoni, A na B ziwe ncha za tao, O kitovu. Chora mstari kutoka P upite O uendelee mbele kidogo. Tazama pembetatu OPA: OP ni nusukipenyo na OA ni nusukipenyo, kwa hiyo pande mbili ni sawa na pembe zake za chini zinalingana, iite kila moja x. Pembe ya nje ya pembetatu ni jumla ya zile mbili za ndani zilizo mbali nayo, kwa hiyo pale O upande wa A unapata 2x. Upande wa B fanya vilevile uite y, pale O unapata 2y. Sasa pale P pembe nzima ni x + y na pale O ni 2x + 2y. Imekwisha, hakuna uchawi.

Kama kitovu kimeangukia nje ya ile pembe ya P, yaani A na B zote ziko upande mmoja wa huo mstari, badala ya kujumlisha unatoa, x − y na 2x − 2y, nusu inabaki nusu.

Chaki Nyeupe

Safi sana, sina cha kuongeza. Euclid aliithibitisha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita na bado inatosha mistari sita ya daftari.

Tuendelee. Tumepata 60 zenye nyuzi 90. Zilizobaki ni 160. Kati ya hizo ngapi zina pembe moja iliyozidi 90, na ngapi zina pembe zote chini ya 90?

kichwa_ngumu

Mimi nimetumia hatua. Kuzidi 90 ina maana kuna pembe inatazama tao la hatua 7 na zaidi, kwa hiyo nukta zote tatu zimejibana upande mmoja wa duara, ndani ya hatua 5 au pungufu. Nikitembea kwa kufuata mshale wa saa kuna nukta moja tu inayotangulia, zile mbili zinamfuata ndani ya nukta 5 zijazo. Wa kutangulia namchagua kwa njia 12, wafuasi wawili kati ya 5 ni njia 10, jumla 120. Na marudio hamna maana kila kundi lina kiongozi mmoja tu. Kwa hiyo zenye pembe zote ndogo ni 220 − 60 − 120 = 40. Uwezekano unakuwa 3/11, 6/11 na 2/11.

mdogo_wenu

Kumbe ile 120 yangu ilikuwa jibu la swali lingine 

Chaki Nyeupe

kichwa_ngumu hapo kwenye "kiongozi mmoja tu" umenifurahisha mno. Hicho ndicho kitu, kukipa kila kikundi alama moja ya kukitambua halafu unahesabu alama.

Na ukiongeza nukta, tuseme ziwe shufwa na nyingi sana, zile za nyuzi 90 zinazidi kupungua. Nukta zikiwa 2n unapata 3 gawa kwa (2n − 1), jaribu n = 6 uone inarudi 3/11. Nukta zikiwa witiri hakuna kipenyo hata kimoja kwa hiyo ni sifuri. Na zile zenye pembe zote ndogo, ambazo ndizo zinazokizunguka kitovu, zinasogea polepole kuelekea 1/4.

Swali la pili, hili linaangusha wengi. Chagua nukta 3 kati ya zilezile 12. Kuna uwezekano gani angalau mbili ziwe jirani kabisa, yaani zimepishana hatua moja?

binti_kompasi

Jozi za majirani ni 12, safari hii nimeziandika zote nikahakikisha, 12-1, 1-2, 2-3 mpaka 11-12, ni 12 kweli. Nukta ya tatu ni yoyote kati ya 10. Kwa hiyo 120/220 = 6/11.

kichwa_ngumu

Dada kuna marudio hapo. Chukua 4, 5, 6. Umeihesabu ukianza na jozi 4-5 ukaongeza 6, halafu umeihesabu tena ukianza na 5-6 ukaongeza 4.

binti_kompasi

Aah kweli. Kwa hiyo nigawe kwa 2 kama ile ya vipenyo? Nipate 60?

Chaki Nyeupe

Subiri usigawe! Hapa ndo pale ambapo naona vijana wanapoteza maksi bila kujua, na naomba tukae hapa kidogo. Kwenye vipenyo KILA kimoja kilihesabiwa mara mbili ndo maana kugawa kwa 2 kulifaa. Hapa je? Chukua 4, 5, 9. Imezaliwa na jozi 4-5 peke yake, mara moja tu. Ukigawa yote kwa 2 unamwadhibu huyu ambaye hana kosa. Zilizorudiwa ni zile tatu mfululizo tu, 12-1-2, 1-2-3, na kuendelea, nazo ziko 12. Kwa hiyo unatoa 12 mara moja: 120 − 12 = 108, na 108/220 = 27/55.

Hakikisha kwa njia ya pili. Tatu mfululizo ni 12. Zenye jozi moja tu ya majirani: chagua jozi kwa njia 12, nukta ya tatu isiguse jozi hiyo, ina maana unaondoa jozi yenyewe na jirani wa kila upande, zinabaki 8, 12×8 = 96. Ongeza 12 unapata 108. Njia mbili zikikutana mahali pamoja unaweza kulala usingizi.

binti_kompasi

Nimeelewa. Nimechora kabisa 4-5-6 kwa wino mwekundu na 4-5-9 kwa wa bluu ili nisisahau tofauti.

Pembesita

Wakuu nimekuta uzi umenoga. Mimi nina ugomvi na kaka yangu na tumekubaliana wanaukumbi waamue. Nukta 6 kwenye duara, unganisha kila nukta na kila nukta. Ndani ya duara mistari inakatana mahali pangapi? Yeye anasema 15, amepata kwenye fomula ya kuchagua 4 kati ya 6. Mimi nimechora kwa rula na nimehesabu mara tatu, ni 13. Mchoro haudanganyi.

Nusukipenyo

Mkuu umezigawa hizo nukta kwa umbali sawa?

Pembesita

Ndiyo, kwa kompasi.

Nusukipenyo

Basi wote mko sawa, mnajibu maswali mawili. Kwanza kwa nini kuchagua 4: mistari miwili ikikatana ndani ya duara ina ncha nne. Na ukichukua nukta nne zozote ukingoni, kuna namna moja tu ya kuziunganisha mbilimbili ili mistari ikatane, wa kwanza na wa tatu, wa pili na wa nne. Kwa hiyo kila nukta nne zinatoa mkato mmoja, na nukta nne kati ya 6 ni njia 15. Hiyo ni sahihi kama hakuna mistari mitatu inayopita mahali pamoja. Sasa wewe umegawa sawasawa, vipenyo vitatu vyote vinapita kitovuni. Vipenyo vitatu vinatakiwa vitoe mikato mitatu, wa kwanza na wa pili, wa kwanza na wa tatu, wa pili na wa tatu, lakini yote imeangukia nukta ileile moja. Umepoteza 2, 15 − 2 = 13. Sogeza nukta moja kidogo tu, hata milimita chache, uone pale katikati panafunguka kapembetatu kadogo na mikato inarudi kuwa 15.

Pembesita

Nimesogeza. Kapembetatu kametokea kweli. Nimemwomba kaka radhi na yeye kaniomba.

Chaki Nyeupe

Huo mchoro usiutupe. Hesabu na vipande vya duara. Nukta 1 kipande 1, nukta 2 vipande 2, nukta 3 vipande 4, nukta 4 vipande 8, nukta 5 vipande 16. Kila mtu hapo anasema nukta 6 ni 32. Sio. Ni 31, na ukizigawa sawasawa kile kipembetatu kinapotea unabaki na 30. Sababu ni kwamba kila mstari unapochorwa unaongeza kipande kimoja, na kila mkato unaongeza kingine, kwa hiyo vipande ni 1 + mistari + mikato. Kwa nukta 6: 1 + 15 + 15. Kwa nukta 7: 1 + 21 + 35 = 57. Mimi nampenda sana mfano huu kwa sababu unamzuia kijana kuona namba tano zinajirudufu akadhani kashathibitisha.

Na humohumo kuna uwezekano umejificha. Nukta nne ukiziunganisha mbilimbili kwa kubahatisha, kuna namna tatu za kupanga jozi na moja tu ndiyo inakata. Uwezekano wa kukatana ni 1/3, hata nukta zikiwa zimejibana vipi.

mpita_njia

Na lile swali la watu kuketi mezani? Meza ya duara, watu 6, uwezekano wa wawili fulani kukaa jirani. Mwalimu wetu alitumia faktoria nyingi sana, zile za 5×4×3×2×1.

kichwa_ngumu

Faktoria zinafika ila kuna njia fupi. Mkalishe wa kwanza popote, kwenye duara kiti hakina mwanzo. Vimebaki viti 5, viwili ndo vinamgusa. 2/5. Ukitaka kwa faktoria ni 48 gawa kwa 120, inatoka vilevile.

binti_kompasi

Mwalimu nina swali la tanjenti limenisumbua. Kutoka nukta P nje ya duara kuna tanjenti mbili zinagusa duara kwenye A na B. Pembe APB ni nyuzi 50. C ni nukta ya ukingoni, tafuta pembe ACB. Kitabu kinasema 65, mimi nimepata 115 na kila nikirudia napata 115.

Chaki Nyeupe

Nieleze ulikoiweka C.

binti_kompasi

Upande wa P, kwenye lile tao dogo lililo kati ya A na B.

Chaki Nyeupe

Basi 115 yako ni sahihi kwa C hiyo. Tanjenti inakutana na nusukipenyo kwa nyuzi 90, kwa hiyo pembenne PAOB ina 90, 90, 50 na iliyobaki kitovuni ni 130. C ikiwa kwenye tao kubwa, inatazama hizo 130 na nusu yake ni 65. C ikiwa kwenye tao dogo inatazama upande wa pili, 360 − 130 = 230, nusu yake 115. Na angalia 65 + 115 = 180, ndiyo ile kanuni ya pembenne iliyo ndani ya duara, pembe zinazokabiliana. Swali lililokosa kusema C iko tao gani limekosa, si wewe.

Tena tuligeuze liwe la uwezekano: C ikiwekwa popote ukingoni kwa bahati, kupata 65 ni 230/360 = 23/36 na kupata 115 ni 13/36. Swali baya limekuwa swali zuri.

Nusukipenyo

Hapo kwenye "kwa bahati" naomba niongeze kitu. Kwa nukta za ukingoni hakuna utata. Lakini mtu akikuambia chora mstari wa kukata duara kwa kubahatisha, muulize kwanza unabahatisha nini. Joseph Bertrand alilionyesha hili mwaka 1889. Chora ndani ya duara pembetatu yenye pande zote sawa, halafu uliza uwezekano wa mstari wa kubahatisha kuwa mrefu kuliko upande wa pembetatu hiyo. Ukibahatisha ncha mbili ukingoni unapata 1/3. Ukibahatisha umbali wa mstari kutoka kitovuni unapata 1/2. Ukibahatisha mahali katikati ya mstari patakapoangukia ndani ya duara unapata 1/4. Majibu matatu, na hesabu zote tatu hazina kosa.

mpita_njia

Hii nimeisoma mara nne. Kwa hiyo swali lenyewe halijakamilika.

Nusukipenyo

Ndiyo hivyo mkuu. Likisema unabahatisha nini linakuwa na jibu moja.

Chaki Nyeupe

Ahsanteni wote. La mwisho kwa leo, tunarudi kwenye zile nukta 12. Chagua nukta 4 bila kuangalia. Kuna uwezekano gani ziwe pembe za mstatili? mdogo_wenu hili nakuachia wewe, wengine mumpe nafasi.

mdogo_wenu

Nimechukua muda mwalimu lakini sijauliza mtu. Mstatili una pembe za nyuzi 90, na kila pembe ya 90 ukingoni inatazama kipenyo, kwa hiyo ulalo wa mstatili ni kipenyo, na zote mbili ziko hivyo. Nikageuza nikajiuliza, vipenyo viwili vyovyote nikiunganisha ncha zake napata mstatili? Napata, kwa sababu kila kona inatazama kipenyo. Halafu nikauliza lile swali lako, mstatili mmoja unazaliwa kwa njia ngapi. Una ulalo mbili tu, kwa hiyo unatokana na jozi moja ya vipenyo, basi. Vipenyo 6, nachagua 2, njia 15. Zote kwa jumla ni nukta 4 kati ya 12, 495. Jibu 15/495 = 1/33.

Chaki Nyeupe

Sahihi. Na kati ya hiyo mistatili 15, miraba ni mingapi?

mdogo_wenu

Vipenyo vikutane kwa nyuzi 90, yaani vipishane hatua 3. 12-6 na 3-9, 1-7 na 4-10, 2-8 na 5-11. Nikiendelea nakutana na 3-9 tena na 12-6, ambayo tayari ninayo. Miraba 3.